Walipomwachia Mama Laini

Juzi nilikuwa nyumbani kwangu Lanet, nikiongea kwa video na baba, ambaye siku hizi yuko Subukia na ng'ombe wake. Katikati ya maneno picha ikaganda, macho yake yamefumba. Niliweka simu mezani, nikakunja mikono mapajani. Watoto wangu wakacheka. Wewe usicheke, ngoja nikueleze nilikoitoa tabia hiyo.

Zamani tulikuwa tukiishi mtaa wa Rhonda, na jirani yetu alikuwa na saiba, duka la kulipia mtandao, kwenye chumba kilichonukia mafuta ya mandazi ya mlango wa pili. Laini ya simu ilikuwa moja. Kompyuta ya pembeni, tuliyoiita seva, ndiyo iliyopiga simu kutafuta mtandao, ikilia na kukwaruza, kisha ikaugawia zile nyingine. Mtu mmoja akifungua kitu kizito, wote walikwama. Na mtu akiinua mkonga wa simu pale kaunta, mtandao ulikatika, mkaanza upya. Ndiyo maana jirani aliufunika kwa leso.

Basi palikuwa na desturi. Mwenye jambo zito alisema, na wengine wakaondoa mikono kwenye kipanya, wakakaa tu, ili mtandao wote uende kwake.

Baba alikuwa ng'ambo kwa kazi ya mjengo, akaanguka. Mwenzake aliandika kwa barua pepe kwamba anaendelea vizuri. Mama hakuamini, watu huandika hivyo hata wakiwa bado wanatafuta namna ya kukuambia mengine. Akaomba picha. Siku ya kuipokea alikuwa hajala, na nyanya, mama yake baba, alikuwa ameshuka kutoka Subukia na maziwa ambayo hakuna aliyeyaonja. Nyanya akapewa kazi ya kulinda simu.

"Wasee, tumuachie mathe laini," jirani akawaambia vijana waliokuwa kwenye kompyuta, akimwonyesha mama.

Mikono ikatoka kwenye vipanya. Picha ikaanza kushuka polepole kutoka juu: ukuta, nywele, bendeji, paji la uso. Yakaja macho, yamefumba. Hapo ikasimama.

Mama hakulia. Aliuliza tu, "Mbona amelala?"

Tukageukia kaunta. Nyanya alikuwa ameondoa leso, na mkonga uko sikioni.

"Nilitaka kusikia kama yuko hapo ndani," akasema. "Kunanguruma tu."

Hakuna aliyemkemea. Seva ikapiga, ikakataliwa, ikapiga tena. Niliuchukia kila mlio wake. Vijana wa mtaa walikaa mikono mapajani, hata wale wasiotujua, wala hakuna aliyenung'unika. Ukuta, nywele, bendeji, macho. Kisha pua. Kisha meno. Baba alikuwa akicheka, jua limempiga usoni, kikombe cha chai mkononi. Mama akaitisha maziwa, akayanywa yakiwa baridi, bila kuketi.

Saiba ile sasa ni duka la kinyozi. Nyumbani kwangu kila mtu ana mtandao wake, na hakuna anayejua mwenzake anasubiri nini. Ninawakumbuka wale watu waliotulia kwa ajili yetu.

Juzi, picha ya baba ikiwa bado imeganda, niliwaomba watoto waweke simu zao chini kidogo. Waliziweka, wakainamisha vichwa, wakidhani tunaomba. Sikuwasahihisha. Nilikuwa nikingoja baba afumbue macho.