Alama ya Mama Cheche

Karakana nzima ilimwita Mama Cheche, na jina lilimkaa. Miaka ya kuchomelea mihimili ya chuma ilikuwa imemwachia madoa ya moto mikononi, sauti ya kukwaruza na ulimi usio na breki. Pembeni mwa kila kiungo alichomaliza aligonga alama yake kwa nyundo na muhuri mdogo wa chuma. Mafundi wote walifanya hivyo, ili kiungo kikija kuachia, ajulikane wa kuulizwa.

Kisha ikaja roboti: mkono mmoja mrefu juu ya reli, ukitembea kando ya mhimili na kuchomelea bila kupumzika. Haikunywa chai, haikuumwa mgongo, haikuomba ruhusa ya kwenda kumzika mjomba. Mafundi wengine wakahamishiwa kwingine, yeye akabakizwa kuilisha waya na kuitazama. Mshono wa roboti ulinyooka kuliko wa binadamu yeyote. Hilo alilikubali, ingawa kwa kununa.

Wiki haijaisha, msimamizi akamjia.

"Mama, mteja hapokei mihimili isiyo na alama. Gonga yako tu, yaishe."

"Kwani nimechomelea mimi?"

"Hapana, lakini..."

"Basi mwambie huyo mkweo wa chuma agonge ya kwake."

Dereva wa winchi aliangua kicheko. Msimamizi hakucheka. Hakuwa mtu mbaya, maskini, alikuwa amebanwa na wakubwa zake.

"Kesho asubuhi, mama. Usipogonga, nitatafuta mwingine wa kugonga."

Mama Cheche alirudi nyumbani amenyong'onyea. Binti yake, aliyekuwa akikunja nguo, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa ubaya uko wapi, mama? Si inachomelea vizuri?"

Mama Cheche akashika tama. Mumewe, baba wa binti huyo, alikuwa mjenzi. Alikufa chini ya paa la ghala lililoporomoka, na kiungo kilichoachia hakikuwa na alama ya mtu yeyote. Mjane alizunguka ofisi zote. Kila aliyemwona alimpa pole na kumwelekeza mlango mwingine, hadi milango ikaisha. Uchungu ule ndio uliompeleka kujifunza kuchomelea, na haukuwahi kumtoka.

"Huyo mwingine atagonga bila kuangalia," alisema mwishowe.

Asubuhi alipiga moyo konde, akauchukua muhuri. Lakini kila mhimili ulipomalizika aliisimamisha roboti, akapiga magoti na tochi yake, akakagua kiungo kimoja kimoja, akipima na kupapasa. Kimoja akakikataa, kikakatwa na kurudiwa. Kufika mchana, mihimili ilikuwa imerundikana mpaka mlangoni, na msimamizi akaja mbio, jasho likimtiririka.

"Mama, unatuchelewesha!"

"Ndiyo, nawachelewesha."

Msimamizi akapunguza sauti. "Halafu jambo likiharibika, mashine haifungwi. Utafungwa wewe. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria." Akaiweka tochi sakafuni, akaulenga muhuri, akagonga. "Siku mtu akifiwa, akija hapa kuuliza ni nani aliyefanya hivi, aoneshwe mtu. Mimi nilikosa hata wa kumtukana."

Msimamizi akachuchumaa, akaiokota tochi, akammulikia kiungo kilichofuata.