Siku Chogo Alipovishwa Rangi

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, mwaka ule ambao miwa ilichelewa kukatwa hata ikatoa maua, nilimpoteza kaka yangu Ouma, pamoja na gari tulilolijenga kwa mikono yetu. Mwanangu, siku hiyo naikumbuka yote, asubuhi hadi jioni, na nitakueleza kama ilivyokuwa. Nilisoma hadi darasa la nane tu, maneno ya kupamba sina. Lakini nimekuona wewe na wenzako mkikata mabati nyuma ya soko, nikasikia kwamba mnataka kujenga gari la mbio kwa vyuma vya kuokota. Siwakatazi. Aliyewahi kulipenda jambo hana mdomo wa kulikataza. Nawaomba tu mnisikilize.

Sisi tulikuwa na banda la mabati Awendo, kando ya barabara inayopitisha matrekta ya miwa kwenda kiwandani. Ouma alikuwa mkubwa wangu, naye ndiye aliyejua injini. Mimi nilichomelea. Chesisi tuliipata kwa pikapu kuukuu iliyotupwa nyuma ya kituo cha mafuta, imeota nyasi mpaka ndani. Injini tuliitoa kwenye gari dogo la saluni lililopinduka karibu na Rongo. Mwili wake ulikuwa umebondeka kama mkebe, lakini moyo ulikuwa mzima. Milango hatukuweka. Boneti hatukuweka. Viti vilikuwa vile vya plastiki vya hotelini, tukavikata miguu tukavifunga kwa boliti. Tulichokuwa nacho chote kiliingia kwenye breki, matairi na injini. Kwa sura hakikuingia kitu. Tukalipa jina Chogo, ambalo kwa Kijaluo ni mfupa, kwa kuwa lilikuwa mifupa mitupu.

Jumapili baada ya misa, vijana walikuja na magari yao kutoka Migori mjini, wengine kutoka Isebania, magari yanayong'aa, yenye redio za kutikisa vioo. Tulishindana kwenye barabara za vumbi za murram katikati ya miwa. Walianza kwa kutucheka.

"Omera, ndugu yangu, mfunike huyo mtoto, atashikwa na nimonia!"

"Mtoto akikimbia hasikii baridi," Ouma alijibu.

"Na sura je?"

"Sura haikati kona."

Basi wakitoka hapo walichokijua zaidi kuhusu Chogo ni vumbi lake. Usione vyaelea, vimeundwa.

Aliyetufundisha kazi alikuwa Mzee Ondiek, fundi wa kuchomelea matrela ya miwa. Matrela hubeba mzigo kupita kiasi kwenye njia mbovu, na chuma chake huchoka. Mzee alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata kwa mteja mkali: mahali chuma kilipoungwa hapapakwi rangi. Kila Ijumaa alisafisha maungio, akayapaka mafuta ya taa, akayapangusa yakauka kabisa, kisha akayanyunyizia chaki iliyosagwa. Kama chuma ni kizima, chaki inabaki nyeupe. Kama kimeanza kupasuka, hata ufa mwembamba kama unywele, mafuta yaliyojificha ndani hupanda taratibu na kuchora mstari wa giza. Mzee alikuwa akisema, "Chuma kinalia kabla ya kuvunjika. Kazi yako ni kukipa mahali pa kulilia." Nasi tulimfanyia Chogo hivyo hivyo. Mara mbili tuliona mstari, mara mbili tukakata tukaunga upya. Ndiyo maana kwenye mbio hatukuwahi kuumia.

Kisha Ouma akampenda Atieno. Kwao ni upande wa Homa Bay, kabla hujateremka ziwani. Mara ya kwanza kwenda kujitambulisha, Ouma aliendesha Chogo, mimi nikiwa kando yake, tumevaa mashati yaliyopigwa pasi, tumejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Langoni tulimkuta shangazi yake Atieno, waya kwa Kijaluo, ambaye wote walimwita Waya Perpetua, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alisimama katikati ya lango akashika kiuno.

"Woi! Nani huyu anakuja uchi kwa mama mkwe?"

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakapasuka kwa kicheko.

"Waya, ni gari tu," Ouma akasema.

"Gari ni nguo ya mwanaume. Hii yako inaonyesha mpaka utumbo! Unataka mama mtu apofuke? Weka huko nje. Wewe ingia na miguu. Siku ya ayie uje umevaa."

Mwanangu, ulikuwa utani. Mkwe hukaguliwa langoni, hutaniwa, na akijibu vizuri anapendwa zaidi. Lakini wewe ni mtoto wa huku, unajua mama mkwe ni nani kwetu. Ukikutana naye njiani unampisha. Kuonekana uchi mbele yake ni jambo ambalo hata kulitamka ni aibu. Na yule mama alikuwa jikoni, akisikia kila neno. Ouma, aliyewajibu vijana wa Migori bila kufikiri, siku hiyo alizima injini tu. Alimwacha Chogo kando ya ua akaingia ameinamisha kichwa. Chakula alikigusa tu. Tukirudi nyumbani, tukapita Rongo. Ndipo akasema, "Nitamvisha."

Siku ya ayie, yaani ile zawadi ya mama ambayo akiipokea amekubali kukupa binti yake, ilipokaribia, Ouma aliacha kazi nyingine zote. Alitafuta boneti, akatafuta milango, akaikata na kuiunganisha. Alijaza mashimo kwa puti, akasugua kwa msasa, akapiga rangi nyekundu iliyoiva kama nyanya. Kusema kweli ilipendeza. Waliopita walisimama.

Alhamisi Mzee Ondiek alikuja. Alizunguka gari mikono ikiwa nyuma, kisha akainama akatazama chini. Ouma alikuwa ameshapaka puti na rangi nyeusi inayong'aa kwenye mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele, ile tuliyoiunga wenyewe.

"Nyathina, mwanangu," mzee akasema polepole, "mwili umeuvisha vizuri. Sikulaumu. Lakini viungo umevifunika kwa nini?"

"Jaduong', mzee, humjui Waya. Atainama. Nakuambia ataangalia mpaka chini."

"Aangalie. Aone chuma. Chuma si uchi."

"Kwake ni uchi."

"Na kesho Ijumaa utanyunyizia chaki wapi? Juu ya rangi?"

"Nitaikwangua Jumatatu. Acha nioe kwanza, mzee wangu."

Mzee alipitisha kidole juu ya ile rangi nyeusi. "Gari hili lilikuwa linakuambia ukweli kila wiki," akasema. "Sasa umeliziba mdomo ili likusifie. Mficha maradhi, kilio humuumbua." Akachukua baiskeli yake akaenda, hakugeuka. Mimi nilikuwa nimekaa pale na msasa mkononi. Kwetu mdogo haingilii maneno ya mkubwa na mzee, nami sikuingilia. Ouma alicheka kidogo, akachovya brashi, akaendelea.

Jumamosi ikafika. Wajomba waliogopa kukunja suti zao kwenye viti vya plastiki, kwa hiyo nilipanda nao gari la kukodi, na Ouma akatangulia peke yake na Chogo. Langoni Waya Perpetua alikuwa anangoja. Alizunguka gari. Aligonga mlango kwa kidole. Kisha, kama Ouma alivyosema, akakusanya gauni lake, akainama mpaka kilemba kikagusa nyasi, akatazama chini ya gari. Alipoinuka alipiga kigelegele kikasikika kilimani.

"Mwana amevaa! Fungueni lango, mwana amevaa mpaka soksi!"

Chogo akaingia uani huku wanawake wakiimba. Mama mkwe alipokea ayie kwa mikono miwili. Atieno alipita na maji ya kunawa, na alipofika kwa Ouma alitabasamu bila kuinua macho. Ouma alikula samaki mpaka mifupa. Sijawahi kumwona na furaha ile, hata siku ya kushinda mbio. Mwanangu, hiyo pia nataka uijue. Rangi ile ilimpa siku moja nzuri sana, na mimi siwezi kuichukia siku hiyo.

Tuliondoka jua likiwa bado juu. Ouma mbele, sisi nyuma. Tulipita Rodi Kopany tukashika barabara ya Rongo. Hakuwa anakimbia. Nalisema hili kwa sababu baadaye wengi walidai kwamba alikuwa kwenye mbio. Hapana. Aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Mahali barabara inapoteremka na kupinda, niliona gurudumu la mbele la kushoto likilala, kama mguu wa ndama aliyeteleza. Hapakuwa na mlio. Gari liliacha lami, likaenda moja kwa moja pale ambapo barabara ilipinda, likagonga ukingo wa daraja dogo la maji ya mvua. Tulipomfikia alikuwa anapumua. Tulimbeba kwenye gari letu, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja yangu, suti ya mjomba ikiwa imemfunika. Kabla hatujafika Rongo alikuwa amenyamaza.

Mzee Ondiek alikuja nyumbani kesho yake. Hakuanza na sisi. Alikwenda pale walipoliweka gari, akapiga magoti, akautafuta ule mkono wa chuma uliovunjika. Akaniita. Pale ulipokatikia, nusu ilikuwa nyeupe, inang'aa, na nusu ilikuwa nyeusi kwa kutu.

"Nyeupe ni ya jana," akaniambia. "Nyeusi ni ya zamani. Ufa ulikuwepo kabla ya rangi."

Nilingoja anikumbushe maneno yake ya Alhamisi. Hakunikumbusha. Alisema tu, "Kilikuwa kinalia, na hatukukisikia." Alisema hatukukisikia, mwanangu, yeye aliyesema mapema kuliko wote. Kisha akaketi chini kando ya gari, akavua kofia.

Siku ya kuzika, ng'ombe walikimbizwa hadi mpakani kufukuza kifo, kama ilivyo desturi, na wale vijana wa Migori na Isebania wakaja na magari yao wakafuata nyuma ya ng'ombe, wakipiga honi na kulia. Vumbi lilifunika boma. Katika vumbi hilo nilimwona Waya Perpetua amesimama nje ya lango letu. Watu wa kwao walikuwa wameshaingia. Yeye hakuingia. Alikuwa ameshika nguzo, viatu ameviweka kando. Mtu akaenda kumwambia mama yetu. Mama, ambaye hakuwa amesimama tangu usiku uliopita, aliinuka, akatembea mpaka langoni.

"Min Ouma, mama Ouma," Waya akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha, "mimi nilikuwa ninatania."

"Najua," mama akasema. "Ulikuwa unataniana na mtoto wako. Njoo."

Akamshika mkono akamwingiza.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Jengeni gari lenu. Likiwa bovu kwa sura, acheni watu wacheke. Kicheko hakijawahi kuvunja chuma. Mkitaka kulipamba, lipambeni, uzuri si dhambi. Lakini pale maisha yenu yaliposhikiliwa, pale mlipounga kitu kwa kitu, msipafunike kwa ajili ya macho ya mtu yeyote, hata mtu mnayempenda, hata siku ya heshima. Atakayekucheka leo kwa kuuona mshono wako hatafurahi kesho kukuzika. Na wewe ukiwa mtani, angalia unayemtania, maana wengine hucheka na wengine huenda nyumbani wakanunua rangi. Ukiona ufa kwa mwenzako, useme. Ukiambiwa wa kwako, usiseme Jumatatu. Na si kwa magari tu. Ndoa ina maungio, urafiki una maungio, hata mwili wako. Wiki iwe na siku moja ya kuyatazama bila rangi.

Baraka sina ya kwangu. Nitakupa ile niliyoisikia ikitolewa, uichukue kama imetolewa kwako.

Atieno alikaa kwetu siku zote za matanga. Alichota maji, akapika, akalala chini na wanawake. Ndugu zake walipokuja kumchukua, mama alimsindikiza mpaka barabarani, nami nikabeba sanduku lake. Mama alimwekea mikono kichwani, akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso kama wazee wetu wanavyobariki, akasema:

"Nenda, mwanangu. Njia isikuangushe. Nyumba utakayoingia ikupokee kama ulivyo. Uzae, wanao wakuzike, wewe usiwazike. Mungu akuangalie pale ambapo sisi hatuoni."

Atieno aliitikia, "Amina, mama." Akapanda pikipiki nyuma ya kaka yake, nikamkabidhi sanduku, akalipakata. Wakaondoka kuelekea Rongo. Mama alibaki amesimama mpaka sauti ilipoisha, kisha akaniambia nimpe mkono, turudi nyumbani.