Katani ya Buluu

Leo sokoni Voi nimenusa katani iliyotoka tu kuchemshwa na rangi, nikajikuta kimawazo jikoni kwetu Makwasinyi.

Dada yangu alikuwa ameona kwenye simu vijana wa mbali wenye nywele za rangi ya bahari, wakicheza muziki uliosikika kama unapigwa chini ya maji. Bahari yenyewe hakuwa ameiona. Akachukua katani ya buluu ambayo mama alikuwa ameitenga kwa ajili ya vikapu vyake, akajisuka nywele nayo.

Mama aliingia, akasimama. Simu ikaendelea kuimba.

"Nani amekusuka hivi?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Inaonekana. Kaa chini."

Nilijua atazifumua, na kweli alizifumua zote. Halafu akalowesha vidole, akaanza upya, akikaza kila uzi kama anayeanza kitako cha kikapu.

"Ukitoka na katani yangu," alisema, "watu wasije wakasema sijui kusuka."

Jumapili, kanisani, dada alikatazwa kusimama na kwaya. Mama aliacha kiti chake cha mbele, akaenda kukaa naye benchi la nyuma, na kwaya ilipoanza akapiga makofi kushinda wote, vidole vyake bado vikiwa buluu.