Utepe wa Jumapili

Kila Jumapili baada ya misa, baba wa ghorofa ya nne hurudi na sinia la vikeki lililofungwa utepe, likining'inia kidoleni kama taa, huku binti zake wawili wakimrukia. Hapa Napoli sinia halifunguliwi kabla ya chakula cha mchana, na mkasi anao bibi yao. Immacolata, fundi cherehani wa ghorofa ya pili, huwasikia wakikoma mlangoni pake. "Baba yenu kazeeka, jamani, tupumzike," baba huwaambia. Kisha utepe hufunguliwa kwa meno, na baada ya kimya kitamu huja vicheko vilivyozibwa kwa viganja.

Leo waligonga. Walisimama watatu, pua nyeupe kwa sukari, utepe umevurugika. "Mama Immacolata, tufungie utepe uwe lile ua la dukani. Mama mkwe atanichinja!"

"Kwanza ushuru." Akachomoa kikeki, akakitia mdomoni, ndipo akafunga.

"Nyie! Mmekwama wapi?" sauti ya bibi ikanguruma kutoka juu.

Baba akaganda. Immacolata akachungulia ngazini, mashavu yamejaa. "Nawapima magauni, mama!"

"Haya! Ila kikeki chenye cheri msikipime, ni changu!"