Kapenta za Kipaimara

Mwezi uliopita nilirudi Tunduma kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Kanisa ni jipya kabisa, lina vigae sakafuni, feni, na spika kubwa kuliko waimbaji wenyewe. Nilikaa nyuma, macho yakawa yanatafuta ukuta ambao haupo tena. Dada akanigusa kiwiko, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta magunia. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyepanda basi siku nzima bila kula, na kwa kweli sikuwa nimekula.

Ndugu yangu, kanisa letu la zamani lilikuwa la matofali ya kuchoma, kando ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Waanglikana tulikuwa wachache mjini, lakini tulipenda mambo yetu yaende sawasawa: kengele, ubani, kanzu zilizopigwa pasi mpaka zikasimama zenyewe. Padre akiinua mkate, dereva mmoja huko nje lazima apige honi, na bibi yangu aliyenilea alikuwa anafumba macho kwa nguvu zaidi. Nyimbo tuliimba kwa kushindana na malori. Mpaka leo nikiimba kanisani watu wa mbele hugeuka.

Jumamosi mimi na bibi tulifagia kanisa. Tulimwaga maji kwanza ili vumbi lisituue, kisha tukafagia kuanzia altareni kurudi mlangoni. Kazi ilikuwa nyepesi mpaka mwaka ule mgambo walipoanza kuwafukuza akina mama waliokuwa wakiuza bidhaa kando ya barabara. Walikuwa wanakuja mbio na gari, wanabeba mabeseni, turubai, nyanya, kila kilicho chini. Siku moja akina mama walikimbia huku na huku, padre akafungua mlango wa kanisa, wakaingia na vitu vyao vyote. Hakuna aliyewaambia watoke. Tangu hapo ukawa ndio utaratibu: mchana wanauza kwa kuvizia, jioni wanaweka mizigo ukutani kanisani.

Basi tukawa tunasali na maharage ya Iyula, ulezi wa Ndalambo na mchele wa bondeni Momba. Viti vilikuwa havitoshi, kwa hiyo watoto tulikaa juu ya magunia, na bibi alitupa sheria. "Kaeni kwenye maharage. Atakayekaa kwenye mchele akauvunja, nitamvunja yeye." Mimi nilipenda gunia la mwisho karibu na dirisha, ila kulikuwa na tatizo moja. Jirani yake lilikuwa gunia la kapenta, wale dagaa wakavu wanaotoka upande wa Zambia, na kapenta hazijui heshima. Zinanuka hata wakati wa sala.

Kapenta hizo zilikuwa za jirani yetu, mama mmoja mjane mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Hakuwa wa kanisa letu. Jumapili alikwenda kusali kwao, Jumatatu alfajiri alikuja kuchukua mzigo wake. Mara mbili mgambo walikuwa wamebeba mali yake yote, na mara zote mbili alianza upya. Mwaka ule binti yake alikuwa amefaulu kwenda sekondari, naye mama akaweka mtaji wote kwenye magunia matatu ya kapenta. Alimwambia bibi wazi: haya yakienda, mtoto anabaki nyumbani.

Ndipo likaja tangazo kwamba Baba Askofu anakuja kutoa kipaimara. Tulikuwa watoto wengi tunaosubiri, na gauni langu jeupe lilikuwa tayari limening'inizwa chumbani, ni marufuku kuligusa. Mzee wa kanisa akasimama. Alikuwa mtu msafi mno, shati lake halikuwahi kuona mkunjo, naye ndiye aliyekuwa mnadishaji wetu kila baada ya ibada. Maana kwetu asiye na pesa ya sadaka alileta yai, kuku au mkungu wa ndizi, vitu vinanadiwa nje, na fedha inaingia kanisani. Mzee akasema mizigo yote itoke kabla ya Askofu kufika. Askofu hawezi kupokelewa na harufu ya samaki.

"Itoke iende wapi?" bibi akauliza.

"Bibi, hapa ni kanisani, si sokoni."

"Najua ni kanisani, nalifagia mwenyewe. Kapenta zikitoka, na mimi natoka, na mjukuu wangu atapata kipaimara mwaka mwingine."

Nililia moyoni kwa ajili ya lile gauni. Padre, aliyekuwa na ibada nyingine huko kijiji cha Mpemba na pikipiki inayomgomea, aliwaomba wapatane. Wakapatana hivi: mizigo inabaki, harufu ndiyo inatoka. Mzee akasema hilo aachiwe yeye.

Jumamosi akaja na jiko la mkaa na ubani ambao tungeutumia mpaka Krismasi. Akafunga madirisha, akafunga mlango, akauacha ubani ufuke tangu mchana mpaka jioni, yeye amekaa nje kwenye kiti analinda. Moshi ulitoka hata kwenye misumari ya bati. Alijisifu kwa kila aliyepita.

Jumapili asubuhi mlango ulipofunguliwa, harufu ya samaki ilikuwepo palepale, imevaa ubani juu. Maharage hayakudhurika, lakini kapenta zilikuwa zimeunywa moshi wote. Jirani yetu aliitwa. Akaonja moja, akaitema, akakaa kwenye ngazi ya kanisa na kanga mdomoni. "Mayo," alimwambia bibi, kama wasemavyo Wabemba wakimwita mama, "nani atanunua hizi? Sasa hata mgambo hawazitaki." Alicheka kidogo, halafu akalia sana. Sijawahi kusahau kilio kile. Mzee alisimama pembeni, kwa mara ya kwanza shati lake likiwa nje ya suruali.

Askofu akaja, akaingia, akapiga chafya mara kadhaa, akatuwekea mikono. Baada ya ibada tukatoka kwenye mnada. Mzee akaacha kuku na ndizi, akaburuta gunia la kwanza la kapenta mpaka mezani. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema yeye ndiye aliyeziharibu, mwenye nazo si muumini wetu, na fedha yote itakayopatikana ni ya huyo mama, haiingii kanisani hata senti. Watu wakanong'ona, maana jambo hilo halikuwahi kutokea. Jirani yetu akasimama, akasema kwa ukali, "Mimi si ombaomba."

"Nani kakuita ombaomba?" bibi akamjibu. "Wewe unauza, sisi tunanunua. Kaa chini."

Mnada ukaanza, sahani moja moja. Watu wakapandishiana bei kwa utani na kelele, hata dereva mmoja akashuka kwenye lori kuja kushindana. Askofu naye akashinda sahani moja. Kwetu mgeni wa heshima akinunua hurudisha, kitu kinadiwe tena. Akanyoosha mkono arudishe. Bibi yangu, mwanamke mfupi ambaye hajawahi kukatisha maneno ya padre, achilia mbali askofu, akapaza sauti: "Baba Askofu, usirudishe! Ukirudisha, tutajua umezionea kinyaa. Leo kila mtu aende nazo nyumbani, akale." Askofu akazifunga kapenta kwenye gazeti, akazipeleka mwenyewe kwenye gari lake.

Magunia yakaisha. Binti akaenda shule. Wiki iliyofuata mzee wa kanisa, shati likiwa limerudi ndani, aliongozana na akina mama kwenda kuomba eneo la kuuzia, na akaendelea kwenda nao mpaka wakapewa. Leo soko lina paa. Bibi hayupo, mzee hayupo, na hakuna mtoto anayesali amekalia maharage. Nawakumbuka mpaka kifua kinauma, lakini siwezi kutamani kurudisha siku ambazo mama wa watu alilazimika kuficha riziki yake.

Baada ya ibada nilikwenda sokoni. Jirani yetu amezeeka, ila bado anauza. Tulisalimiana sana, akanipimia kapenta, kisha akashusha kopo.

"Nikuulize. Zile za ubani, mlizila kweli, au mlikwenda kuzitupa?"

Nikaona kwamba swali hilo alikuwa amelibeba miaka yote. Nikamwambia ukweli: bibi alizikaanga kwa nyanya na kitunguu, zikawa mbaya vilevile, tukazila na ugali wiki nzima, na aliyebakiza hakuinuka mezani.

Macho yakamjaa machozi.

"Kumbe mlinunua," akasema.