Pompe Niliyoificha Chini ya Vitambaa

Kosa langu la kwanza, mdogo wangu, lilikuwa kusoma karatasi ya dawa mara tano bila kumuuliza mtu hata mara moja.

Kushona nilijifunza peke yangu, hapa mtaani kwetu Katuba, kwa kufumua mashati ya marehemu baba na kuyaunganisha upya. Nikadhani kila jambo hujifunzwa hivyo. Kwa ajili ya pumu yangu, kituo cha afya kilinipa pompe mbili za kuvuta kwa mdomo: ya buluu ya kufungua kifua kinapobana, na ya kahawia ya kila siku. Kwenye karatasi ya ile ya kahawia nikakutana na neno kortikoidi. Nililijua. Lilikuwa kwenye vidonge walivyomeza wasichana wa mtaani ili wanenepe, na kwenye mafuta ya kujichubua yaliyomharibu uso tantine Berthe, dada yake mama. Nikaificha kabatini, chini ya vitambaa, na nyumbani nikasema naitumia. Naona haya hata leo.

Kiangazi kikaja na vumbi lake. Ya buluu niliivuta mara nyingi zaidi kila siku, mpaka mchana mmoja, nikiwa nashona sare za kwaya, ikashindwa kunisaidia. Tantine akanipeleka kituoni kwa teksi, akiniegemeza begani.

Pumzi iliporudi, nilikiri yote mbele ya muuguzi, mzee Kalenga.

“Uso iko wangu, mapafu iko yako,” tantine akasema. “Unachanganyia nini?”

Mzee hakucheka. “Fiston, bale banameza vidonge mingi, bila munganga wa hospitali. Hii iko kidogo, inaenda mu mapafu. Ukimaliza kuvuta, unasukutua kinywa. Juu ya nini haukuuliza?”

“Nilitaka kujua miye mwenyewe, Papa.”

“Sasa unajua. Na ulikuwa karibu kufa.”

Kwa hiyo wewe uliyepewa pompe juzi, usingoje kifua kibane. Ile ya kila siku hutuliza uvimbe wa njia za pumzi polepole, wala huisikii ikifanya kazi. Ukijisikia mzima, usiiache. Ukiiogopa, usiifiche, ipeleke kituoni na hofu yako yote, uulize. Mungu akupe pumzi ndefu, na asikuache uone haya kuuliza.

Mimi sasa navuta asubuhi na jioni, kisha nasukutua. Kiangazi hiki nimemaliza sare zote za kwaya, na ya buluu haijatoka mfukoni.