Moyo wa Okoth na Maji ya Dunga

Safari yetu ilianza kwa sababu ya msichana aliyeanguka akikimbia. Aliitwa Achieng, mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi, na alipozinduka hospitalini nilimpima moyo kwa mashine. Daktari Kimani, bosi wangu, aliitazama karatasi iliyotoka mpaka chai yake ikapoa. Moyo wa Achieng ulikuwa ukichelewa kujitayarisha baada ya kila pigo, na kasoro hiyo mara nyingi hurithiwa.

"Kwenu kuna aliyekufa ghafla?" daktari akamuuliza.

"Wajomba wawili. Walizama Dunga, kwetu Kisumu, ziwa likiwa limetulia, na wote walijua kuogelea sana."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na hata miongoni mwa madaktari ni wachache walioujua ugonjwa huo. Tukapanda treni ya Kisumu: daktari, mimi muuguzi wake, na mashine niliyoipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Kisumu tulipokelewa na mamake Achieng, Mama Atieno, muuza samaki mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo. Aliikagua mashine.

"Hii ndiyo itaniambia nani aliroga ndugu zangu?"

"Hakuna aliyewaroga, Mama," daktari akamjibu. "Ni moyo."

"Yawa! Na kuna jirani nimemnunia miaka yote hii. Sasa nitamwambia nini?"

Dunga watu walituzunguka, lakini hakuna aliyetaka kufungwa nyaya. Walisema zinanyonya nguvu za mtu. Mama Atieno akaamua.

"Daktari kwanza. Toa shati."

Daktari akalala juu ya benchi la wauza samaki, tumbo likielekea mbinguni.

"Huyo amemeza samaki mbuta mzima!" mwanamke mmoja akapiga kelele. Baada ya kicheko hicho, ukoo wote ukaja kupimwa. Wengi walikuwa wazima. Wa mwisho alikuwa Okoth, mdogo wake Mama Atieno, mvuvi na bingwa wa kuogelea pale ufukweni. Karatasi yake ilipotoka, mimi niliacha kucheka.

Daktari alimweleza polepole: ameze dawa kila siku, na asiogelee tena, maana moyo huo ungeweza kusimama majini kama wa ndugu zake.

"Moyo wangu unachelewa?" Okoth akasema. "Hata mimi huchelewa kila mahali, na bado nafika." Watu wakaangua kicheko. "Sikiza, Daktari. Wewe ukiingia ziwani, mimi nitatoka."

Daktari Kimani alikulia milimani Nyeri na maji aliyoyazoea ni ya karai. Alikunja suruali, akaingia. Hatua chache tu, akateleza juu ya jiwe, akazama, akaibuka akipiga mayowe.

Okoth alitupa shati, akakimbilia maji. Kabla hajajirusha, Mama Atieno alimdaka mshipi wa suruali kwa mikono miwili, wakaanguka pamoja kwenye tope.

"Niache! Mtu anakufa!"

"Wewe ndiye utakufa!"

"Daktari," nikapaza sauti, "simama!"

Akasimama. Maji yalimfika magotini.

Ufukwe mzima ulicheka, isipokuwa Mama Atieno. Alikuwa bado ameushika ule mshipi, machozi yakimchuruzika.

"Nimezika wawili, Okoth. Wa tatu sitaki."

Okoth akaninyooshea kiganja chenye tope.

"Sista, lete hiyo dawa."

Siku iliyofuata alituletea watoto wake mwenyewe. Binti yake wa kwanza alikuwa na moyo kama wa babake, naye tukamwanzishia dawa.

Tulirudi Nairobi, viatu vya daktari vikinuka behewa zima. Nilijifunza kwamba mashine inaweza kuuona ugonjwa, lakini haina mikono ya kumshika mtu mshipi.

Achieng alipokuja kliniki mwaka uliofuata, nilimuuliza habari za mjomba wake. Alisema ameacha uvuvi, anauza samaki sokoni Otonglo, na anameza dawa bila kukosa. Wateja wakimuuliza kwa nini haogelei tena, huwajibu:

"Daktari amenikataza. Na mimi nimemkataza yeye."